Port Harcourt: mafuta yanapakiwa Bonny, mji unabaki na nini?

Swali la msomaji: Naandika insha ya uchumi kuhusu Port Harcourt, Nigeria. Kila ninaposoma naambiwa ni mji wa bandari ya mafuta, lakini ramani inanionyesha kwamba mafuta yanapakiwa Bonny, mbali na mji. Tena mji una viwanda viwili vya kusafisha mafuta, na bado wakazi wake wananunua petroli iliyoletwa kutoka kwingine. Mafuta yanapita wapi hasa, na mji wenyewe unapata nini?

Jibu: Ramani yako iko sawa. Port Harcourt iko kando ya Mto Bonny, kilomita 66 hivi kutoka baharini. Kituo cha kupakia mafuta ghafi kiko kwenye Kisiwa cha Bonny, mlangoni mwa mto, na meli kubwa hata kisiwani hazifungi. Hufungwa kwenye maboya nje baharini. Kwa insha yako, afadhali uitazame Port Harcourt kama karakana na ofisi ya bandari ambayo iko mahali pengine. Ukianzia hapo, mambo mengi yanayoonekana kama kinzani yanapata maelezo.

Mji haukujengwa kwa sababu ya mafuta. Mwaka 1909 makaa ya mawe yaligunduliwa Udi, karibu na Enugu, na serikali ya kikoloni ikahitaji mahali penye kina cha kutosha ambapo reli ingekutana na meli. Lugard, gavana wa kikoloni wa Uingereza, alipachagua mwaka 1912 kwenye ardhi ya Waikwerre, na mwaka uliofuata pakapewa jina la Lewis Harcourt, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati ule. Reli ilifika Enugu mwaka 1916. Kwa miongo minne ya mwanzo bandari iliishi kwa makaa, mawese na kokwa za mawese, pamoja na bidhaa za madukani zilizoingia kutoka Ulaya.

Bonny ni ya zamani zaidi. Ilikuwa dola ya biashara iliyotajirika kwa kuuza watumwa, kisha mawese, muda mrefu kabla ya Port Harcourt kuwako. Mtu wa kumtaja hapa ni Jaja, aliyeondoka Bonny na kuanzisha Opobo mwaka 1869. Alikataa wafanyabiashara wa Kiingereza wampite na kwenda kununua mawese bara moja kwa moja, na alitaka ushuru wake ulipwe. Mwaka 1887 balozi mdogo Harry Johnston alimwita kwenye mazungumzo melini, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Alifariki mwaka 1891 bila kuiona tena Opobo. Jambo lililogombaniwa, yaani nani anasimama pale mzigo unapopimwa na kutozwa, ndilo linalogombaniwa mpaka leo. Usiliache kwenye tanbihi.

Shell-BP ilipata mafuta ya kibiashara Oloibiri, Jimbo la Bayelsa la sasa, Januari 1956. Shehena ya kwanza iliuzwa nje Februari 1958, na hiyo kweli ilipitia Port Harcourt. Uzalishaji wa nchi nzima wakati huo ulikuwa mapipa 5,100 kwa siku. Lakini mlango wa Mto Bonny ulikuwa na fungu la mchanga, na meli iliyojazwa kabisa huko juu isingeweza kulivuka. Unapakia nusu, au unasubiri maji yajae, na kila saa ya kusubiri ina bei yake. Mwaka 1961 kituo cha Bonny kikafunguliwa, mabomba makuu ya upande wa mashariki wa Delta ya Niger yakaelekezwa huko, na mafuta ghafi yakaacha kupita kwenye gati za mji. Ule usemi wa "mji wa bandari ya mafuta" una ukweli wa takriban miaka mitatu.

Sasa tufuate pipa lenyewe, maana fedha zinapotea na kupatikana njiani.

Kisimani hutoka mchanganyiko wa mafuta, gesi, maji na mchanga. Hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia kilicho karibu, gesi hutengwa, sehemu ya maji huondolewa, kisha mafuta hupita kwenye mita na kuingia bomba kuu. Mabomba mawili yanayolisha Bonny ndiyo yanayotajwa sana: Trans Niger, linalokatiza eneo la Waogoni, na Nembe Creek, lenye kilomita 97. Humo mafuta ya makampuni mengi huchanganyika. Kuanzia hapo hakuna mafuta ya fulani tena. Kila kampuni ina idadi ya mapipa iliyoandikwa kwenye hesabu, basi.

Bonny mafuta huachwa kwenye matangi makubwa yatuame. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hushuka chini na kumwagwa kupitia vali ya chini ya tangi kwenda kwenye mtambo wa kuyasafisha. Kiwango cha kawaida cha kuuza nje ni maji na mashapo yasiyozidi nusu asilimia. Mafuta yenyewe, yanayoitwa Bonny Light, ni mepesi na yana salfa kidogo sana, chini ya asilimia 0.2, na ndiyo maana viwanda vya Ulaya na Asia huyapenda: hutoa petroli na dizeli nyingi bila gharama kubwa ya kuondoa salfa.

Shehena ya kawaida ya Nigeria ni mapipa 950,000. Kabla ya kupakia, wapimaji hupanda juu ya tangi, hushusha utepe wenye timazi, husoma kina cha mafuta, hupaka dawa inayobadilika rangi ili kujua maji yaliyobaki chini, na hupima joto kwenye vina tofauti. Wanakuwapo mwakilishi wa kituo, mkaguzi huru wa mnunuzi, maofisa wa forodha na wa NUPRC, mamlaka ya usimamizi iliyoundwa na sheria ya petroli ya mwaka 2021. Baada ya kupakia hupima tena, na tofauti ya vipimo viwili hurekebishwa kuwa ujazo kwenye joto la nyuzi 60 za Farenhaiti. Joto si jambo dogo. Mafuta ghafi ya aina hii hutanuka kwa karibu asilimia 0.085 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukikosea joto kwa nyuzi moja kwenye shehena nzima, umekosea mapipa 800 hivi. Kosa la robo asilimia kwenye kipimo chochote ni mapipa 2,375, na pipa likiwa dola 70, hizo ni zaidi ya dola 166,000 kwa meli moja.

Baharini, meli hufungwa puani kwenye boya na kuachwa izunguke na upepo na mkondo, huku mpira mnene ukiunganishwa kwenye vali zake. Upakiaji ukienda vizuri huchukua siku moja hadi moja na nusu. Kabla ya hapo, nahodha alipofika alitoa taarifa kwamba yuko tayari, na saa ya mkataba ikaanza kuhesabu. Kama matangi hayana mafuta ya kutosha kwa sababu bomba limefungwa, meli inakaa, na muuzaji analipa fidia ya kuichelewesha kila siku. Ikizidi, muuzaji hutangaza kwamba hawezi kutimiza mkataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Hilo lilitokea kwa Bonny Light Machi 2022, na Septemba ya mwaka huo uzalishaji wa mafuta ghafi wa Nigeria ulishuka chini ya mapipa milioni 1 kwa siku.

Chanzo kikubwa kilikuwa bomba lililotobolewa. Hapa kuna kanuni ambayo waandishi wengi huiruka. Upotevu wa njiani hugawanywa kwa makampuni kwa uwiano wa walichoingiza. Chukua mfano: kampuni ya kwanza imeingiza mapipa 60,000, ya pili 40,000, na Bonny yamefika 80,000. Ya kwanza inakatwa 12,000 na ya pili 8,000, hata kama matundu yote yako kwenye kipande ambacho mafuta ya kampuni ya pili hayajawahi kupita. Kampuni ndogo inayolinda eneo lake vizuri inaweza kufilisika kwa wizi wa maili hamsini mbali. Ndiyo sababu baadhi yao wameacha bomba na kusafirisha kwa majahazi ya mafuta hadi kwenye meli za kuhifadhia baharini. Ni ghali zaidi kwa kila pipa, lakini pipa linafika. Mafuta ya Nembe, yaliyokuwa yakichanganywa na ya Bonny, sasa huuzwa kwa jina lake mwenyewe kwa njia hiyo.

Kufunga bomba nako kuna hasara yake. Vituo vya kukusanyia vina nafasi ndogo ya kuhifadhi, kwa hiyo bomba likisimama visima hufungwa muda mfupi baadaye. Vikifunguliwa tena, baadhi hutoa maji mengi zaidi kuliko mwanzo, na vingine havirudi kwenye kiwango chake. Takwimu ya wizi inayotangazwa mara nyingi hutaja mapipa yaliyochukuliwa tu. Yale ambayo hayakuchimbwa kwa sababu bomba lilifungwa yanaweza kuwa mengi kuliko hayo.

Sehemu ya mafuta yanayoibwa husafirishwa nje, na sehemu huchemshwa hapohapo kwenye mikoko. Mitambo hii ya kienyeji, wakazi huiita kpofire, ni pipa au tangi la chuma juu ya moto. Mvuke hupita kwenye mabomba yaliyozamishwa kwenye maji na kugeuka kimiminika upande wa pili. Petroli hutoka kwanza, kisha mafuta ya taa, kisha dizeli. Hakuna anayedhibiti joto kwa usahihi, kwa hiyo mafuta ya taa na dizeli hubaki na petroli ndani yake, jambo linalolipua majiko na jenereta. Masalio mazito, sehemu kubwa ya pipa, humwagwa mtoni au huchomwa. Tangu mwishoni mwa 2016 wakazi wa Port Harcourt wamekuwa wakifuta masizi meusi madirishani na kwenye nguo walizoanika. Kpofire ni chanzo kimoja tu. Vyombo vya usalama vilipokamata mafuta hayo na kuyachoma moto, viliongeza moshi uleule. Januari 2022 serikali ya Jimbo la Rivers, ambalo makao makuu yake ni Port Harcourt, ilianza kubomoa mitambo hiyo. Aprili mwaka huohuo, mmoja ulilipuka Abaezi, Jimbo la Imo, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kuibomoa bila petroli rasmi ya bei nafuu kulihamisha biashara hiyo kwenda jimbo jirani, na hilo lilitabirika.

Nije kwenye viwanda vya kusafisha. Cha kwanza kilifunguliwa Alesa-Eleme mwaka 1965 na baada ya kupanuliwa kilifikia mapipa 60,000 kwa siku. Cha pili, cha mapipa 150,000, kilikamilika mwaka 1989. Jumla ni 210,000, na kwa karatasi tu hayo yangetosha kukidhi sehemu nzuri ya mahitaji ya mashariki mwa Nigeria. Vilianguka kwa sababu tatu zilizoshikana. Mtambo wa namna hii unahitaji kuzimwa na kufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya miaka michache, lakini kazi kubwa ya mwisho ilifanyika mwaka 2000. Petroli iliuzwa kwa bei iliyopangwa na serikali, kwa hiyo kiwanda hakikuwa na faida ya kujilipia matengenezo na kilisubiri bajeti ya Abuja. Na bomba la kuleta mafuta ghafi kutoka Bonny, pamoja na yale ya kupeleka petroli Aba, Enugu na Makurdi, yalitobolewa kila mara.

Machi 2021 serikali iliidhinisha dola bilioni 1.5 za kuvikarabati. Novemba 2024 shirika la mafuta la taifa, NNPC, lilitangaza kwamba kile kiwanda cha zamani kimeanza kujaza malori. Mei 2025 kilifungwa tena kwa matengenezo, kile kikubwa kikiwa bado hakijawashwa. Zingatia pia ubora wa mtambo: kiwanda cha zamani hakina kitengo cha kuvunja mafuta mazito, kwa hiyo hata kikifanya kazi kwa ukamilifu, sehemu kubwa ya kinachotoka ni mafuta mazito ya mitambo, ambayo huuzwa nje. Kuwasha kiwanda hicho peke yake hakuondoi foleni za petroli. Ruzuku ilipoondolewa mwishoni mwa Mei 2023, bei ya lita ilipanda kutoka chini ya naira 200 hadi karibu naira 500 na zaidi kwa muda mfupi. Ushindani wa bei sasa unaamuliwa Lagos, kwenye kiwanda cha Dangote cha mapipa 650,000, na petroli huja Port Harcourt kwa meli za pwani na malori.

Ukitaka mfano wa kiwanda kilichofaulu, vuka barabara tu hapo Eleme. Kiwanda cha petrokemikali cha serikali, kilichofunguliwa miaka ya 1990, kilikuwa katika hali mbaya kilipouzwa kwa Indorama mwaka 2006. Sasa hutengeneza plastiki na, tangu 2016, mbolea ya urea inayosafirishwa kupitia bandari ya Onne. Malighafi yake ni gesi, ambayo ni ngumu sana kuiba, na bei ya urea haipangwi na serikali. Sidhani kama siri iko kwenye ubinafsishaji peke yake, kama inavyosemwa mara nyingi. Ungeuza kiwanda cha petroli enzi za ruzuku kwa mtu yeyote, naye angeshindwa.

Gesi ndiyo pia iliyoibadilisha Bonny kuliko mafuta. Kampuni ya NLNG ilisafirisha shehena ya kwanza Oktoba 1999 na ina mitambo sita ya kugeuza gesi kuwa kimiminika, tani milioni 22 kwa mwaka. Wa saba, uliopitishwa Desemba 2019, unalenga kufikisha milioni 30. Hata hivyo kisiwa hicho kiliendelea kufikiwa kwa boti na ndege tu kwa miongo. Barabara ya Bodo hadi Bonny ilianza kujengwa mwaka 2017, NLNG ikichangia gharama.

Mji basi unapata nini? Kwanza kazi za huduma. Trans-Amadi ni eneo la karakana za mabomba, vali, uchomeleaji na vifaa vya kuchimbia, na Onne, yenye eneo huru la mafuta na gesi tangu miaka ya 1990, hupokea meli za kuhudumia visima vya baharini. Biashara hii hupanda na kushuka na idadi ya visima vinavyochimbwa, na haifuati bei ya pipa moja kwa moja: bei inaweza kupanda huku wachimbaji wakiogopa kurudi. Utekaji wa wafanyakazi wa mafuta ulipoanza mwaka 2006, ofisi nyingi zilihamia Lagos, na hata baada ya serikali kuwasamehe wapiganaji wa Delta mwaka 2009 nyingi hazikurudi. Mwaka 2025 Shell ilikamilisha kuuza biashara yake ya nchi kavu, ikiwamo Bonny, kwa muungano wa Renaissance, kwa hiyo mikataba mingi ya wazabuni wa mji sasa iko mikononi mwa makampuni ya Nigeria.

Pili ni fedha za serikali, na hapa vita vya wenyewe kwa wenyewe viliamua mengi. Jimbo la Rivers liliundwa tarehe 27 Mei 1967, siku tatu kabla ya eneo la mashariki kujitangaza kuwa nchi huru ya Biafra. Jeshi la shirikisho liliteka Bonny Julai 1967 na Port Harcourt Mei 1968. Waigbo waliokimbia walikuta nyumba zao zimegawiwa kama mali zilizotelekezwa, na umiliki wa biashara mjini ukabadilika. Mwaka 1969 sheria iliweka mafuta yote mikononi mwa serikali ya shirikisho. Sehemu ya mapato iliyorudi mahali yalikotoka, ambayo wakati wa uhuru ilikuwa asilimia 50, ilipunguzwa hadi asilimia 1.5 miaka ya 1980, ikawa 3 mwaka 1992, na Katiba ya 1999 ikaweka isiyopungua 13. Fedha hizo huenda kwa gavana, si kwa mji wala kijiji.

Wanaopitiwa na bomba tu hawakuwa na fungu lao. Ogoni haijachimbwa mafuta tangu 1993, na Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mwanaharakati wa Waogoni, na wenzake wanane walinyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995, lakini Trans Niger bado inapita huko. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulikuta kwenye visima vya maji vya Nisisioken Ogale, huko Ogoni, kiwango cha benzini mara 900 ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mlipuko wa Machi 2025 kwenye bomba hilo ulitajwa rais alipotangaza hali ya hatari Rivers na kumsimamisha gavana kwa miezi sita.

Sheria ya 2021 ilitaka kila kampuni itoe asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka uliotangulia kwa mfuko wa jamii zinazoizunguka. Sheria hiyohiyo inasema bomba likihujumiwa ndani ya eneo la jamii, gharama ya kulitengeneza hukatwa kwenye mfuko wao, hata kama waliotoboa walikuja kwa boti usiku kutoka kwingine. Kwenye insha yako, tenganisha fungu hilo na asilimia 13, na yote mawili na kodi ya mishahara, ambayo Jimbo la Rivers huikusanya lenyewe kutoka kwa wafanyakazi wanaoishi humo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha kama karakana na ofisi za Port Harcourt zina kazi, kwa sababu haiongezeki kila meli inapojazwa Bonny.